Ukingo uliopimwa ziwa likiwa chini: uchambuzi wa kisa cha ufukwe wa jiji moja

Kisa hiki kinahusu ukarabati wa ufukwe katika jiji kubwa lililo kando ya ziwa la maji baridi. Jina la jiji, ziwa na kampuni zilizohusika yameondolewa, na vipimo vimesawazishwa ili mahali pasitambulike. Vimo vyote vinahesabiwa kutoka wastani wa usawa wa ziwa uliotumiwa na wasanifu: juu ya wastani ni kujumlisha, chini yake ni kutoa.

Jiji na ukingo wake

Kipande chenyewe kina urefu wa mita 1,400 na kimepita hatua ambazo miji mingi ya ziwani imezipitia. Kwanza ilikuja bandari na reli, kwa sababu mzigo ulifika kwa maji. Kisha ziwa likajazwa. Kila kilichobomolewa mjini, kila jivu la tanuri na kila tope lililochimbwa bandarini vilimwagwa ukingoni, na kwa miongo kadhaa nchi kavu ikasogea mbele zaidi ya mita 100. Chicago, jiji la Marekani lililo kando ya Ziwa Michigan, ilifanya hivyohivyo: sehemu ya kifusi cha moto mkubwa wa 1871 ilitupwa ziwani, na leo bustani zimekaa juu yake.

Kifusi kilizuiwa kwa makasha ya magogo yaliyojazwa mawe na kufunikwa kwa mawe makubwa ya kuchonga. Kijito kilichokuwa kikiingia ziwani hapo kikafungiwa ndani ya kalavati na kupitishwa chini ya ardhi mpya. Bandari ilipohamia penye kina kirefu, yalibaki maghala matupu, reli zenye kutu na mwalo mdogo wa wavuvi. Halmashauri ikaamua kuwarudishia wakazi maji yao: njia ya matembezi, miti, ngazi za kukalia, sehemu za kufunga boti.

Ziwa si bahari

Mtu wa pwani anajua maji kujaa na maji kupwa: mara mbili kwa siku, na jedwali linachapishwa mwaka mzima kabla. Ziwa lina kujaa na kupwa kwake, ila kunachukua miaka na hakuna jedwali. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964, likashuka polepole kwa miongo, kisha Mei 2020 likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, na kuipita rekodi ya 1964. Ziwa Michigan lilifikia kiwango chake cha chini kabisa kilichorekodiwa Januari 2013. Kufikia katikati ya 2020 lilikuwa limepanda kwa karibu mita 1.9.

Juu ya mzunguko huo wa miaka kuna mambo ya saa chache. Upepo ukivuma mfululizo kuelekea mji, maji yanarundikana upande huo. Ukitulia ghafla, au shinikizo la hewa likiruka, ziwa zima linayumba kama maji kwenye beseni lililosukumwa. Tarehe 26 Juni 1954 wimbi la namna hiyo, lenye kimo cha mita 3 hivi, liliua watu 8 kwenye ukingo wa Chicago.

Kwa hiyo anayejenga ukingoni anahitaji namba tatu: usawa wa juu wa miaka mingi, nyongeza ya upepo, na kimo cha wimbi litakalofika ukutani. Katika kisa hiki namba ya kwanza ilikosewa, na makosa mengi yaliyofuata yalianzia hapo.

Maamuzi ya usanifu, na sababu zake

Mshauri alipewa takwimu za usawa wa ziwa za miaka 15 zilizokuwa kwenye kompyuta. Katika miaka hiyo maji hayakuwahi kupita +0.5. Akaweka njia ya matembezi kwenye +1.3, yaani sentimita 80 juu ya kilele hicho. Hesabu yake haikuwa na dosari.

Kwenye kabati la ofisi ya bandari, hata hivyo, kulikuwa na madaftari ya kipimo ya zaidi ya miaka 60, yaliyoandikwa kwa mkono kila asubuhi. Moja lilionyesha kilele cha +1.4. Mshauri aliyaona, akayaweka kando kwa sababu ya kitaalamu: katika mwaka mmoja usomaji uliruka sentimita 34 kati ya Jumamosi na Jumatatu, bila dhoruba wala mvua. Ripoti yake ikasema takwimu hizo "hazitegemeki".

Mruko huo ulikuwa na maelezo mepesi. Bamba la kipimo, lile lenye namba za kusomea usawa wa maji, lilikuwa limefungwa kwa bolti kwenye nguzo ya gati. Gati lilipofanyiwa ukarabati, fundi alilihamishia kwenye nguzo mpya na kulifunga pale bolti zilipokubali, sentimita 34 chini ya mahali pa zamani. Tangu siku hiyo maji yaleyale yalisomeka juu zaidi. Hivyo madaftari hayakuwa mabovu. Yalihitaji marekebisho ya namba moja. Ukiongeza 0.34 kwenye usomaji wote wa kabla ya siku ile, kilele cha zamani ni +1.74, sentimita 44 juu ya njia ya matembezi iliyokuwa ikichorwa. Kazi hiyo ilikuwa ya siku mbili kwa mpimaji ardhi mwenye levo, chombo cha kulinganisha vimo. Na ushahidi wa pili ulikuwepo wazi: mstari wa chokaa na mwani mkavu kwenye ukuta wa ghala la zamani, unaoonekana kwa yeyote anayepita.

Uamuzi wa pili ulikuwa ukuta wima. Kwenye mita 900 za kusini yalipigwa mabati mazito ya chuma yanayoshikana kingo kwa kingo. Sababu ilikuwa nafasi: mteremko wa mawe wa 1 kwa 2 unakula mita 2 za ardhi kwa kila mita 1 ya kimo, na halmashauri ilitaka kila mita. Boti nazo zinafunga vizuri kwenye ukuta wima.

Wa tatu: kwenye mita 500 za kaskazini makasha ya magogo yaliachwa na kumwagiwa kofia ya zege juu. Hoja ilikuwa kwamba mbao iliyo ndani ya maji haiozi. Ni kweli, maadamu inabaki ndani ya maji.

Wa nne ulipita bila mjadala. Mabomba 7 ya maji ya mvua yaliachwa yakitokea kwenye +0.1 bila mlango wa kuzuia maji kurudi, ilhali barabara ya nyuma ina bonde lenye kimo cha +0.9 tu.

Mfuatano wa matukio

Ujenzi ulianza ziwa likiwa kwenye −0.4. Kila mtu alifurahi, kwa kuwa kazi ya ukavu ni rahisi na kazi rahisi huvutia sifa. Miezi ya kwanza baada ya ufunguzi ufukwe ulijaa watu, na wenye majengo jirani walianza kusogeza uzio na vibanda kwenye mchanga uliokuwa umeachwa wazi na maji, wengine hadi mita 14 mbele ya mipaka yao. Hakuna aliyewazuia.

Dalili ya kwanza ilitokea kaskazini, na ililetwa na upungufu wa maji. Vichwa vya magogo vilikaa hewani misimu miwili. Kuvu wanaoozesha mbao wanataka vitu viwili pamoja, unyevu na hewa. Gogo lililo nusu ndani ya maji nusu nje linawapa vyote. Kofia ya zege ilianza kuelea juu ya utupu, vigae vikazama sentimita 5 hadi 12, na nyufa zikafuata mstari wa makasha kana kwamba zimechorwa kwa rula. Mkandarasi aliambiwa ainue vigae na kuongeza mchanga. Mchanga ukapotea ndani ya wiki sita. Chicago iliwahi kujifunza jambo hilihili: ukingo wake wa magogo na mawe ya chokaa uliojengwa mapema karne ya 20 ulioza pale maji yaliposhuka miaka ya 1960, na kuanzia miaka ya 1990 sehemu kubwa imejengwa upya kwa chuma na zege.

Kisha ziwa likageuka. Katika miezi 20 hivi lilipanda kutoka −0.4 hadi +1.1. Kwanza vilizama uzio na vibanda vilivyosogezwa mbele. Halafu likaja jambo lililowashangaza wakazi: barabara ilijaa maji siku ya jua kali. Maji hayakupita juu ya ukuta. Yaliingia kwenye mabomba ya mvua, yakarudi nyuma na kuchomoza kwenye gridi za mitaro kwenye bonde la +0.9, yakiwa na kina cha sentimita 20 na yamechanganyika na yaliyotoka kwenye chemba za majitaka. Simu za kwanza kwa halmashauri ziliripoti bomba la maji safi kupasuka, na mafundi walitumia siku nzima kulitafuta.

Wiki tatu baadaye upepo ulivuma kutoka upande mpana wa ziwa kwa saa 11. Maji yalirundikana sentimita 30 zaidi, yakafika +1.4, yaani juu ya njia ya matembezi hata kabla ya kuhesabu wimbi. Mawimbi yaligonga ukuta wima, yakarudi, yakakutana na yanayokuja. Chini ya ukuta mchanga ulichimbwa mita 1.6. Kwenye kona ambapo ukuta wa chuma unakutana na bomba la zamani palikuwa na upenyo usiozidi upana wa kiganja. Kifusi kilinyonywa kupitia hapo, na asubuhi kulikuwa na shimo la mita 11 kwa 4 chini ya vigae vilivyokuwa bado vimelala sawa. Kichwa cha ukuta kilikuwa kimeinama sentimita 9 kuelekea ziwani. Hakuna aliyeumia: msimamizi wa bustani alikuwa amefunga njia mchana uliotangulia kwa uamuzi wake mwenyewe, baada ya kuona benchi moja likiwa limeegama.

Hatua za dharura

Mabomba yalizibwa kwa puto za mpira zinazojazwa hewa, na pampu tatu zikawekwa kwenye bonde la barabara. Hili lilikuwa sahihi, na mpangilio ulikuwa sahihi pia: kuziba kwanza, kupampu baadaye. Ukipampu kabla ya kuziba unalizungusha ziwa tu.

Mguu wa ukuta ulimwagiwa mawe ya wastani wa kilo 300 moja kwa moja juu ya tope. Hili halikufaa. Ndani ya wiki moja mawe yalizama au kutawanyika, kwa sababu mbili. Hayakuwa na tabaka la kuchuja chini yake, kwa hiyo kila wimbi lilinyonya tope kupitia nafasi zake. Na yalikuwa mepesi.

Suala la wepesi linastahili kuelezwa, maana ndipo kosa la usawa wa maji linapozaa kosa la pili. Karibu na ufuko kimo cha wimbi huwekewa mpaka na kina: kwa makadirio ya kazi, wimbi linalofika ni 0.6 ya kina. Sakafu ya ziwa mbele ya ukuta ilikuwa −2.2. Wakati wa ujenzi kina kilikuwa mita 1.8, na wimbi kubwa la kufika lilikuwa mita 1.1. Ziwa lilipofika +1.1 kina kilikuwa mita 3.3, na wimbi mita 2. Uzito wa jiwe linaloweza kusimama unakwenda na mchemraba wa kimo cha wimbi. Wimbi likikaribia mara mbili, jiwe linatakiwa liwe zito karibu mara 6. Mita 1.5 za maji ya ziada, ambazo kwenye ramani ni ukanda mwembamba wa buluu, ziliufanya ukingo uleule kuwa mahali pengine kabisa.

Ukarabati

Timu ya pili ilianza na madaftari. Iliweka alama tatu za kudumu za upimaji kwenye mwamba, ikaunganisha bamba la kipimo nazo kwa levo, na kuweka sharti la kurudia kila mwaka. Tofauti ikizidi milimita 5, bamba linahesabiwa limesogea. Usawa wa kusanifia ukawa +1.74, ukaongezewa 0.3 ya upepo.

Ukuta wa chuma haukung'olewa. Ulikatwa kwenye −0.6 na kuachwa kama mguu wa mteremko mpya unaopanda kuelekea nchi kavu kwa 1 kwa 2 hadi +2.6. Njia ya matembezi ilirudi nyuma mita 12. Mjadala wa mita hizo 12 ulichukua muda mrefu kuliko hesabu zote za uhandisi, na kwa haki: ardhi ilikuwa imeshapewa matumizi.

Mpangilio wa tabaka, kutoka chini: kitambaa cha kuchuja kilicholazwa bila mkunjo, kikipishana nusu mita kwenye kila kiungo, tabaka la kokoto lenye unene wa sentimita 30 la kukilinda kisichanwe, mawe ya kilo 150 hadi 250, juu yake matabaka mawili ya mawe ya tani 1.5 hadi 3, yenye unene wa jumla wa mita 1.9 hivi. Mawe makubwa yalipangwa moja moja kwa ekskaveta, si kumwagwa na lori, na lolote lililogusa majirani chini ya matatu lilitolewa na kupangwa upya. Mbele ya mguu liliongezwa zulia la mawe lenye upana wa mita 4, ili mchanga ukichimbwa mawe yaanguke yenyewe na kufunika shimo.

Juu ya mteremko hakukuwekwa ukuta mrefu wa kuzuia kila tone. Maji ya mawimbi yanaruhusiwa kuruka, yakatua kwenye ukanda wa nyasi wenye mfereji, yakarudi ziwani. Ukuta wa kuzuia kila kitu ungewaficha watu ziwa walilorudishiwa.

Mabomba yalipewa milango ya bawaba na chemba moja ya pampu. Mita 180 za mwisho za kalavati zilifunguliwa kuwa mkondo wazi wenye matete kandokando, ili maji ya mvua yapate mahali pa kutanuka ziwa likiwa juu. Wazo si geni: Toronto nchini Kanada ilichimba mdomo mpya wa mto Don, uliokuwa umekunjwa kwa pembe ya karibu mraba kuingia mfereji wa Keating, na mto huo mpya uliunganishwa na ziwa 2024.

Mwalo nao ulirudishwa. Katika mradi wa kwanza wavuvi walihamishwa wakipewa ngazi tatu kwenye ukuta. Maji yakishuka ngazi zilining'inia, yakipanda zilizama. Sasa wana mteremko wa zege wa 1 kwa 8 unaotoka −1.2 hadi +2, na mtumbwi unapandishwa usawa wowote wa ziwa.

Matokeo

Dhoruba mbili zimepita tangu mawe yapangwe, ziwa likiwa juu ya +0.9. Mawe machache yalitikisika, hakuna lililoondoka. Barabara ilijaa mara moja tu, na chanzo kilikuwa chupa ya plastiki ya nusu lita iliyokwama kwenye bawaba ya mlango mmoja. Uwazi wa sentimita 6 ulitosha kuingiza ziwa mtaani usiku kucha. Sasa kuna vichujio vya nondo mbele ya kila bomba na mtu wa kuvikagua kila wiki wakati wa mvua. Matete ya mkondo yananasa takataka nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na bajeti ya kuzizoa haikuwekwa na mtu.

Uchambuzi

Ni rahisi kumlaumu mshauri wa kwanza kwa miaka 15 yake. Ila alichokosea si ufupi wa takwimu. Alichokosea ni kuichukulia shaka kama ruhusa ya kutupa. Kipimo chenye mruko kinaeleza jambo lililotokea siku fulani kwenye nguzo fulani, na mara nyingi yupo mzee wa bandari anayekumbuka siku ambayo bamba lilihamishwa. Pale ambapo haiwezekani kurekebisha, alama za maji kwenye kuta za zamani, mizizi ya miti na picha za ufunguzi wa maghala hutosha kuonyesha kwamba kilele cha miaka 15 si kilele cha ziwa.

Ukuta wima haukuwa kosa kila mahali. Penye boti na kina cha kutosha unafaa, mradi mguu wake unalindwa tangu siku ya kwanza, kwa kuwa shimo la kuchimbwa mbele ya ukuta wa namna hii huweza kukaribia kimo cha wimbi lenyewe. Hapa kinga ya mguu iliondolewa kwenye zabuni ili kupunguza gharama. Kitu kisichoonekana ndicho hukatwa kwanza.

Mita za uzio zilizosogea zinahitaji jibu la sheria zaidi ya la uhandisi. Sheria ya Mazingira ya Tanzania ya 2004, kwa mfano, inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini kwenye ufuko wenye mteremko wa 1 kwa 50, maji yakipanda mita 1 ukingo wenyewe unasogea mita 50. Umbali ukipimwa mwaka wa ukavu, karibu wote unaliwa. Njia iliyochukuliwa hapa ilikuwa kufunga mpaka kwenye kimo: chochote kilicho chini ya +1.74 ni sakafu ya ziwa, hata kama leo pamekauka na watoto wanacheza mpira. Nchini Marekani Mahakama ya Juu ilishaamua 1892, katika shauri la reli ya Illinois Central, kwamba jimbo haliwezi kuigawa moja kwa moja sakafu ya ziwa mbele ya Chicago kwa kampuni binafsi, kwa kuwa linaishikilia kwa niaba ya umma. Mpaka wa kimo unaipa hoja ya aina hiyo mstari wa kupimia.

Kilichofaa tangu mwanzo ni kimoja ambacho ripoti za mradi hazikukitaja: msimamizi wa bustani alikuwa na mamlaka ya kufunga njia bila kupiga simu kwa yeyote.

Kaskazini kazi haijaisha. Kati ya mita 500 za makasha, 240 zimejengwa upya na 260 bado zina magogo yaliyozama tena, kwa sasa salama. Vichwa vyake viko kwenye −0.1. Misumari ya kupimia mtuo, yaani kuzama kwa zege, imepigwa kwenye zege kila mita 10, na maagizo yaliyobandikwa ofisini yanasema ukaguzi uanze siku bamba litakaposoma sifuri, wakati magogo yangali na sentimita 10 za maji juu yake.